Ukiitwa Shefu, Mikono Yako Inakwenda Wapi?

Mwezi huu nataka tuongee juu ya shida moja ambayo wengi hawaiiti shida, kwa sababu inakuja pamoja na mshahara mkubwa.

Mtu akifukuzwa kazi, tunajua namna ya kumfariji. Akifiwa, tunakwenda kulala kwenye kilio. Lakini mtu akipandishwa cheo, tunamshika mkono, tunamwimbia kanisani, tunakula kuku wake, tunakwenda zetu. Nani anarudi kumuuliza kama analala usingizi?

Siku moja ya posho, jua likikaribia kushuka, ndugu mmoja alikuja nyumbani kwangu. Sitataja jina lake, wala kampuni yake ya sasa, wala mji wake. Nilimwomba ruhusa ya kuandika haya, akakubali, akisema pengine yatasaidia mwingine. Ni mtu wa miaka 46, mzee wa kanisa, baba wa watoto watano. Tangu ujana wake kazi yake ilikuwa kuchonga modeli za mbao kwa ajili ya fonderi.

Vijana, pengine kazi ile hamuijui. Kama gurudumu la ndani la pampu ya mgodi limevunjika, na lingine haliko magazini, mnaweza kuagiza ng'ambo na kungoja miezi, ao mnaweza kulisubu hapa hapa. Lakini chuma kilichoyeyuka hakina umbo. Ni lazima kwanza fundi achonge kitu kile kwa mbao, kizima, pamoja na mapindo yake yote. Mbao ile ndiyo modeli. Wanaizika ndani ya mchanga wa fonderi, wanaukandamiza mchanga mpaka ushikane, kisha wanaitoa modeli polepole. Pale ilipotoka panabaki shimo lenye umbo lake, na ndani ya shimo lile wanamwaga chuma cha moto. Ndiyo sababu pande za modeli zinalazwa kidogo, zisisimame wima kabisa: zikisimama wima, modeli ikitoka inabomoa mchanga.

Ni kazi ya mikono, na ni kazi ya kichwa vilevile. Fundi anapewa mchoro kwenye karatasi, naye anaona kitu kizima mbele hakijakuwako. Kisha miaka mingi anaweza kupita karibu na mashine, akaonyesha kwa kidole: kile kinachozunguka kule, kilitoka mikononi mwangu.

Ndugu yetu alifanya kazi hiyo vizuri sana. Basi wakamfanya shefu wa atelie, juu ya watu kumi na wanne. Kanisa lilishukuru, mke wake alipika, na mimi mwenyewe nilisema maneno mengi juu ya Yosefu aliyeinuliwa Misri. Sasa, miezi minane kisha sherehe ile, alikaa kwenye kiti changu, akaangalia mikono yake, akasema:

"Pasta, mi nilipoteza kazi."

Nilishtuka. "Walikufukuza?"

"Hapana, Pasta. Balinipandisha. Njo vile nilipoteza kazi."

Akanieleza siku yake. Asubuhi, mkutano wa usalama. Kisha kuhesabu nani amekuja na nani hakuja. Kisha simu kutoka juu: kwa nini komande ya juma lililopita haijatoka? Kisha magazini: gundi imekwisha. Kisha watu wawili wanagombana juu ya mashine ya msumeno. Kisha raporo. Kisha raporo ingine ya kueleza ile ya kwanza. Jua linashuka.

"Mbele, nilikuwa narudia ku nyumba na vumbi ya mbao mu nywele," akasema. "Batoto balikuwa naniuliza: papa, leo ulitengeneza nini? Nilikuwa naba ambia, hata kuchora pa udongo. Sasa bananiuliza, na mi nakosa jibu. Nibaambie nini? Papa alitengeneza raporo?"

Nilitaka kucheka, lakini macho yake hayakuwa ya kuchekesha.

Akaongeza jambo lingine, akiwa ameinamisha kichwa. Wafanyakazi wakisha kutoka, yeye anabaki. Anakwenda kwenye meza ya kijana mmoja. "Minakuta modeli yake. Haiko mubaya, Pasta. Lakini haiko vile mi ningeifanya. Minakamata randa. Saa moja inapita, saa mbili. Pale tu njo roho yangu inatulia."

"Na kijana, asubuhi anasema nini?"

"Hasemi kitu. Anasema: asante, shefu."

Hapo nilinyamaza, nami nitawaambia sababu. Majuma matatu mbele ya siku ile, kijana mmoja wa kwaya alikuwa amekaa kwenye kiti kilekile. Aliniambia: "Baba Pasta, nataka niache kazi, niende kuchimba na benzangu." Nilimuuliza sababu. Akajibu: "Kile ninafanya muchana, usiku kinageuka. Asubuhi nakuta modeli yangu haiko yangu tena. Sasa ninafanya nusu, naacha. Shefu atamaliza."

Wasomaji wa huku hawana haja nieleze neno hili, kwenda kuchimba. Shimo lisilo na miti ya kulishikilia, mvua za Novemba na Desemba, na mama aliyekaa juu anangojea. Wako wanaopata feza mule, wako wasiotoka. Kijana alikuwa na kazi yenye kufundisha akili, naye alitaka kuiacha, kwa sababu mtu aliyempenda alikuwa anamaliza kazi yake usiku.

Nilijua mambo ya pande mbili, na sikuwa na ruhusa ya kusema la mmoja kwa mwingine. Siri ya mtu ni siri. Basi nikatafuta njia ingine. Nikasema: "Ndugu, mimi sijui kazi yako. Nifundishe kidogo. Stajere akiingia, anakosa wapi mara nyingi?"

Uso wake ukabadilika. Akasema: kwenye metre. Chuma cha moto kikipoa kinapunguka. Fonti inapunguka karibu milimita 10 kwa kila metre moja. Chuma cha pua, karibu milimita 20. Kwa hiyo fundi wa modeli hapimi kwa metre ya dukani. Ana metre yake, iliyorefushwa tayari. Ukiiweka karibu na metre ya seremala, utasema imekosa. Haikukosa. Haipimi mbao; inapima kile chuma kitakachokuwa kisha kupoa. Stajere anachukua metre ya seremala, anachonga vizuri, anasugua mpaka modeli inang'aa. Kinapotoka kwenye mchanga, kitu ni kidogo, hakiingii mahali pake. Kazi nzuri, metre mbaya.

Nikamuuliza: "Na wewe, tangu walikuita shefu, unapima siku yako kwa metre gani?"

Alikaa kimya. Mke wangu alileta chai, akaweka, akarudi ndani, naye bado kimya. Kisha akasema polepole: "Ya zamani."

Wasomaji wapenzi, shida yote iko pale. Kwa miaka zaidi ya ishirini mtu huyu alipima siku kwa kitu alichokishika mikononi jioni. Walipombadilisha kazi, hakuna aliyembadilishia metre. Kila jioni anapima, kila jioni anapata sifuri. Mtu mwenye sifuri kila jioni atatafuta mahali pa kuiba kidogo, naye anaiba kwenye meza ya mtoto wake wa kazi.

Nitawaandikia yale tuliyoongea usiku ule na siku zilizofuata. Si kwa mafundi wa fonderi peke yao. Mwalimu aliyefanywa direkta wa masomo, muuguzi aliyefanywa mkubwa wa wauguzi, mshonaji mwenye mashine sita na watoto sita wa kazi, wote wanapita njia hiyo.

Kwanza: mukubali kwamba kuna kilio

Yule anayeacha kazi ya mikono yake anaacha kitu kilicho hai. Usimwambie: "Ushukuru, wengine hawana kazi." Maneno hayo ni ya kweli, lakini yanamfunga kinywa. Mke wa ndugu yetu alikuwa amemwambia hivyo mara nyingi, kwa upendo, naye akaacha kusema. Akaanza kukasirika juu ya chumvi ya mboga na viatu vya watoto.

Mimi mwenyewe najua kilio kile. Mbele ya kuwa mchungaji nilikuwa muimbishaji wa kwaya. Nilikuwa natunga nyimbo nikitembea njiani. Waliponipa parokia, nikapewa na hesabu ya mabati, na mikutano, na barua. Muda mrefu, kwaya ikiimba, nilikuwa napiga mguu chini kwa nguvu nikiona mwendo unachelewa. Siku moja ya Mungu nilisimama katikati ya wimbo, nikamsahihisha muimbishaji mbele ya watu wote. Alikuwa mtu niliyemfundisha mwenyewe. Majuma mawili hakuja kanisani. Nilipokwenda kumwomba msamaha, aliniambia neno moja tu: "Pasta, mulinipa kwaya ao mulinikopesha?"

Basi wewe uliyepandishwa, usione haya kusema: ninaikosa kazi yangu. Sema kwa mke wako, sema kwa rafiki. Kilio kisicholiwa kinageuka hasira, na hasira ya shefu inaangukia wadogo.

Pili: ubadilishe metre

Nilimwambia ndugu yetu anunue daftari ndogo. Jioni asiandike: leo nilitengeneza nini? Aandike majibu ya maulizo mawili. La kwanza: leo nani aliweza kitu ambacho jana hakukiweza, na mimi nilikuwa na mkono wangu pale? La pili: ni kizuizi gani nilikiondoa mbele ya watu wangu? Gundi iliyofika, mchoro ulioeleweka mbele ya kuanza, ugomvi wa msumeno uliomalizika, simu ya juu ambayo yeye aliijibu ili wao waendelee kufanya kazi.

Alikataa kwanza. "Kutafuta gundi, ile nayo ni kazi?" Nikamuuliza: bila gundi, watu kumi na wanne wanafanya nini? Akasema: "Banakaa." Basi asubuhi ile ulipopata gundi, ulifanya kazi ya mikono ishirini na minane.

Musa naye alifikiri kwamba kazi ni kile anachokifanya yeye mwenyewe. Alikaa asubuhi mpaka jioni akiamua mambo ya watu, mmoja mmoja, mpaka mkwe wake Yethro alimwambia kwamba atajichokesha yeye na watu pamoja. Someni Kutoka sura ya 18. Yethro hakumwambia aache yote. Alimwambia achague wakubwa wa watu elfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi, na mambo magumu ndiyo yapelekwe kwake. Yale magumu yalibaki kwa Musa. Vilevile modeli ngumu sana, yenye kuumiza kichwa, inaweza kuja kwa shefu. Lakini si kila modeli.

Na Bezaleli, fundi wa hema ya kukutania, yeye aliyejua zahabu, shaba, mawe na mbao: katika Kutoka sura ya 35, pamoja na kipaji cha mikono, yeye na Oholiabu walipewa pia moyo wa kufundisha wengine. Kipaji cha pili hakikuja kuua cha kwanza.

Tatu: usisahihishe usiku

Nilimuuliza ndugu yetu: "Wewe, nani alikufundisha?" Akataja mzee mmoja. Mnakumbuka mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka katika mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Mafundi wengi wa mikono walikwenda na maarifa yao ndani ya vichwa. Mzee huyo alikuwa mmoja wao. Lakini mbele ya kuondoka, alikuwa amemfundisha ndugu yetu miaka mine.

"Alikuwa anakufundisha namna gani?"

"Alikuwa anaweka mikono nyuma, pa mugongo. Akiona ninakosa, alikuwa anauliza tu: mutoto, hii utaitosha namna gani mu muchanga? Nilikuwa naangalia, naona mwenyewe. Siku moja niliharibisha mbao muzima. Alisema: mbao ingine iko, kuya tuanze tena."

Akasimama pale. Hakusema tena. Nadhani alijisikia mwenyewe, na mimi sikuongeza kitu.

Wandugu, yule mzee angaliweza kuchukua randa usiku. Modeli zake zingalikuwa nzuri kuliko za mtoto. Lakini mwaka 2003 angalitoka na kila kitu, na leo ndugu yetu asingalikuwa fundi. Anayemaliza kazi ya kijana usiku anapata modeli moja nzuri, na anapoteza fundi mmoja.

Mtasema: Pasta, na kama kijana anakosa, komande ikiharibika? Tuligawanya makosa mara tatu. Kuna kosa la mbao: hilo linapoteza ubao na saa chache. Umwache akosee, umuulize swali, umpe ubao mwingine. Kuna kosa la chuma: modeli mbaya ikifika fonderi, wanapoteza chuma, moto na siku nyingi. Hapo usingoje. Uweke saa tatu za kuangalia pamoja naye, mchana, yeye akiwa amesimama karibu: mbele ya kukata mbao, wakati kazi iko nusu, na mbele modeli haijatoka atelie. Na kuna kosa la mwili: mkono ulio karibu na msumeno. Hapo hakuna kuuliza swali. Unapiga kelele, unazima mashine.

Na kama kuna kitu cha kurekebisha, umwambie kwa kinywa, umwonyeshe kwenye kipande kingine cha mbao, na randa irudi mkononi mwake. Modeli yake aimalize mwenyewe.

Mfano mmoja wa kwetu

Wazee wa Lubumbashi wanajua jina Le Hangar. Ilikuwa atelie ya wachoraji iliyoanzishwa mwaka 1946, wakati mji uliitwa bado Elisabethville, na Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés. Yeye mwenyewe alikuwa mchoraji. Alipofungua atelie, hakutaka vijana wachore kama yeye, wala kama wachoraji wa Ulaya. Aliwapa rangi na mahali, akawaacha kila mmoja atafute mkono wake. Bela alichora kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga alijaza picha yake kwa mistari mifupi mifupi. Pili-Pili Mulongoy alijulikana kwa ndege, samaki na nyama wa pori. Watatu waliofundishwa na mtu mmoja, na picha zao hazifanani.

Romain-Desfossés alikufa mwaka 1954. Leo ni wachache wanaojua picha zake mwenyewe, lakini Pili-Pili, Mwenze na Bela wanatajwa mpaka nchi za mbali. Na Pili-Pili na Mwenze walikuja kufundisha vijana wengine katika shule ya sanaa ya mji, nao hawakuacha kuchora.

Je, alipoteza kazi yake? Kwa metre ya zamani, ndiyo.

Ine: uwe na kona ya mikono yako

Sikumwambia ndugu yetu atupe randa. Mikono iliyofanya kazi zaidi ya miaka ishirini haitulii kwa maneno. Nilimwambia atafute kona yake: nyuma ya nyumba, siku ya posho kisha saa sita. Achonge viti vidogo, wanasesere wa watoto, kinara cha kanisa. Kitu kisicho na komande, kisicho na raporo, kisichotoka kwenye meza ya mwingine. Na aite mtoto mmoja akae naye.

Lakini kona ibaki kona. Shefu akigeuza kona yake kuwa biashara, akachukua kazi ndogo za mitaani ambazo vijana wake wangefanya wapate makuta kidogo, basi amerudi tena kwenye meza yao kwa mlango mwingine.

Tano: na kama kweli haiwezekani?

Wako watu ambao hawakuumbwa kwa kuongoza. Wamejaribu kwa moyo mweupe, mwaka mzima, na kila mtu anaumia: wao, watu wao na jamaa. Kurudi kwenye meza si haya. Nenda kwa mkubwa wako, uulize kama kuna nafasi ya fundi mkubwa, mwenye kufanya zile modeli ngumu na kufundisha. Lakini mbele ya kwenda, kaa na mke wako, ao na bwana wako, muhesabu pamoja: masomo ya watoto, nyumba, dawa. Mshahara ni wa watu wote wanaokula pale.

Tena ujichunguze: unarudi kwa sababu kipaji chako kiko kule, ao kwa sababu unaogopa kuwa mwanafunzi tena? Kuongoza nako ni ufundi. Hakuna aliyechonga gurudumu la pampu mwezi wa kwanza. Kwa nini unataka uwe shefu kamili katika miezi minane?

Iliendelea namna gani

Ndugu yetu alirudi kazini siku ya kwanza ya juma. Alimwita yule kijana kando, mchana, akamwambia: "Modeli zako, nilikuwa nazigusa usiku. Nilikosa. Sitagusa tena bila wewe." Kijana hakujibu. Alifikiri ni mtego.

Majuma kadhaa kisha, gurudumu la pampu lilihitajika. Kazi ngumu, yenye mapindo mengi. Ndugu yetu aliitamani, aliniambia hivyo wazi. Akampa kijana. Wakakaa pamoja kwenye mchoro karibu siku nzima. Kisha akaweka mikono nyuma ya mgongo. Mara moja aliona kijana ameelekeza pindo moja vibaya. Akamuuliza lile swali la mzee wake. Kijana aliangalia, akachukua patasi, akaondoa kazi ya siku mbili, akaanza tena. Walichelewa. Simu ya juu ilipiga, shefu akaijibu, akachukua lawama, akanyamaza.

Gurudumu lilisubiwa. Upande mmoja ulitaka kusuguliwa zaidi kuliko walivyofikiri, lakini liliingia mahali pake, na pampu ikatoa maji.

Sitawaambia kwamba sasa yote ni furaha. Juma lililopita aliniambia: "Pasta, kuna siku bado inaniuma. Nikisikia harufu ya mbao, ninataka kulia." Nikamwambia: hata mimi, kwaya ikiimba. Yule kijana bado yuko atelie. Wenzake wawili walikwenda kuchimba, yeye hajakwenda. Katika kwaya anaimba sauti ya chini, na siku hizi anaimba bila kuangalia mlango.

Na watoto wa ndugu yetu wameanza tena kumuuliza jioni: "Papa, leo ulitengeneza nini?" Siku ile pampu ilipoanza kuzunguka, mdogo wao aliuliza. Baba alifikiri kidogo, akasema: "Leo, kile kijana alitengeneza." Mtoto akasema: "Lakini wewe, papa?" Akajibu: "Mi nilikuwa pale."

Maulizo ya kuongea nyumbani

1. Katika jamaa yetu, nani alibadilishiwa kazi ao cheo miaka hii? Tulimuuliza habari zake kisha sherehe?

2. Wewe mkubwa: kuna kazi ya mtoto wako ao ya mtu wako wa kazi unayoimaliza yeye akiwa hayuko? Utaanza kuirudisha namna gani?

3. Wewe kijana: kama mkubwa anachukua kazi yako, utamwambia namna gani kwa heshima, mbele ya kufikiri kuondoka?

4. Nani alikufundisha ufundi ulio nao? Ulimwambia asante?

Muwe na amani nyumbani mwenu. Tutaonana mwezi ujao, Mungu akipenda.